Vitu vinne vya kulinda meno wakati wa sikukuu: tathmini baada ya wiki mbili za keki, tofi na chokoleti

Kwa wiki mbili za sikukuu, bakuli la chokoleti na sahani ya keki havikukosekana nyumbani kwetu, wala sikutaka vikosekane. Wageni walikuwa wengi, watoto walikuwa likizo, na sikuona sababu ya kuwanyima watu raha ya siku chache walizozisubiri mwaka mzima. Nilichofanya ni kununua mapema vitu vinne vinavyouzwa kwa ahadi ya kulinda meno, tukavitumia mimi, mume wangu na watoto wetu wawili, na kila usiku nikaandika kwenye daftari nani ametumia nini na saa ngapi. Vitu hivyo ni dawa ya meno yenye floraidi, chingamu isiyo na sukari iliyotiwa zailitoli (kitamu kinachotumika badala ya sukari), uzi wa kusafishia katikati ya meno, na maji ya kusukutulia kinywa. Sitaji chapa ya hata kimoja, kwa kuwa pakiti zenye majina tofauti mara nyingi hubeba viambato vilevile, na viambato hivyo pamoja na namna ya kuvitumia ndivyo ninavyotaka kuvipima hapa.

Kilichonisukuma ni ziara ya kwa daktari wa meno baada ya sikukuu za mwaka uliotangulia. Binti yangu, aliyekuwa na miaka 9, alikutwa na madoa meupe kama chokaa kwenye magego mawili ya ukubwani, yale ambayo huota mtoto anapofika miaka 6 hivi, na picha ya eksirei ikaonyesha tundu kati ya magego mawili ya utotoni ambayo kwa macho yangu yalikuwa mazima kabisa. Nilijiandaa kuulizwa mtoto anakula sukari kiasi gani. Daktari aliniuliza swali jingine: "Mama, kwa siku anakula kitu kitamu mara ngapi?" Sikuwa na jibu, kwa sababu sikuwahi kuhesabu. Nilipokumbuka jinsi alivyokuwa akipita kwenye bakuli na kuchukua pipi moja, kisha baada ya nusu saa nyingine, nilielewa kwa nini swali hilo ndilo lililotangulia.

Kuelewa swali hilo ni kuelewa vitu vyote vinne ninavyovitathmini, kwa hiyo nitalieleza kwanza. Juu ya meno hukaa utando laini wa bakteria, na miongoni mwao wamo wale waitwao Streptococcus mutans, ambao huila sukari tunayoila sisi na kutoa asidi. Ndani ya dakika chache baada ya pipi kuingia kinywani, uchachu kwenye utando huo huongezeka, na kipimo cha pH, ambacho hushuka kadiri uchachu unavyozidi, kinapofika chini ya 5.5 hivi, madini ya kalsiamu na fosfeti huanza kutoka kwenye enameli, lile gamba gumu la jino. Baadaye mate huipooza asidi hiyo na kuyarudisha madini taratibu, kazi inayoweza kuchukua kati ya dakika 20 na saa nzima. Mtaalamu wa Marekani Robert Stephan aliuchora mwendo huo wa kushuka na kupanda katika miaka ya 1940, na mchoro wake bado hufundishwa kwa jina lake. Mtoto anayekula vipande sita vya chokoleti kwa mkupuo mmoja baada ya chakula huyapa meno yake shambulio moja. Anayekula vipande hivyo sita kimoja kimoja kuanzia asubuhi hadi jioni huyapa mashambulio sita, na mate hayapati nafasi ya kumaliza kazi yake.

Jambo hilo lilithibitishwa kwa njia ambayo bado inaumiza kuisoma. Kuanzia mwaka 1945, katika taasisi ya Vipeholm mjini Lund, Uswidi, watu wenye ulemavu wa akili walilishwa vitu vitamu kwa mipangilio mbalimbali bila kuombwa ridhaa, na baadhi yao wakaharibiwa meno makusudi. Matokeo yalichapishwa mwaka 1954: sukari iliyoliwa pamoja na mlo iliongeza kuoza kwa meno kidogo tu, ilhali tofi zenye kunata zilizoliwa kati ya milo ziliongeza sana. Kila ninapomwambia mtu asogeze peremende zake zikae karibu na mlo, ninajua maarifa hayo yalipatikana kwa maumivu ya watu ambao hawakuwa na nafasi ya kukataa.

Sasa nianze na dawa ya meno, ambayo kwa maoni yangu ndiyo inayostahili sehemu kubwa ya fedha na sehemu kubwa ya uangalifu. Nilikuwa na mabomba mawili. La kwanza lilikuwa la kawaida kabisa, jeupe, lisilo na pambo. La pili, jeusi na maridadi, lilikuwa la mkaa, na maandishi yake ya mbele yaliahidi meno meupe na pumzi safi. Nililigeuza bomba jeusi chini ya taa ya bafuni nikasoma orodha ya viambato mara mbili, nikifuata mstari kwa ukucha, na sikukuta floraidi ya aina yoyote: si sodiamu floraidi, si sodiamu monofluorofosfeti, si stanasi floraidi. Ilikuwa na harufu nzuri na povu la kutosha, lakini kiungo kinacholisaidia jino kukabiliana na asidi hakikuwemo. Tena, unga wa mkaa huweza kulikwangua jino likisuguliwa kila siku. Bomba hilo sikulitumia katika jaribio, na simshauri mtu yeyote alitegemee wakati ambao nyumba imejaa sukari.

Bomba jeupe liliandikwa nyuma kwamba lina floraidi 1,450 ppm, maana yake sehemu 1,450 kwa kila milioni. Dawa za watu wazima zinazokubalika kwa kawaida huwa kati ya 1,000 na 1,500. Kiasi hicho kidogo kinafanya kazi kubwa: floraidi ikiwapo kwenye mate na kwenye utando, madini yanayorudi kwenye enameli hujijenga upya katika umbo gumu zaidi, ambalo halianzi kuyeyuka mpaka pH ishuke hadi 4.5 hivi. Kwa lugha nyepesi, shambulio la pipi linalofuata linakuta ukuta imara kuliko ule wa jana. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiingiza dawa ya meno yenye floraidi kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Nilifurahi sana kulijua hilo, kwa sababu tumezoea kuliona bomba hilo kama kipodozi, kumbe ni tiba.

Upungufu niliouona haukuwa wa dawa bali wetu wenyewe. Usiku wa kwanza nilisimama mlangoni mwa bafu nikawatazama watu wangu wakipiga mswaki. Mume wangu alisugua kwa muda unaofaa, akatema, kisha akajaza kikombe maji, akasukutua mara tatu kwa nguvu mpaka ladha yote ikaisha. Binti yangu akafanya vilevile, kwa kuwa ndivyo alivyomwona baba yake akifanya. Dakika mbili za kazi nzuri zilikuwa zikimwagwa kwenye sinki. Ushauri wa wataalamu ni kutema povu na kuacha, bila kusukutua kwa maji, ili floraidi iliyobaki iendelee kuyagusa meno. Nilipoondoa kikombe bafuni palikuwa na manung'uniko kwa siku mbili. "Mama, mdomo unawasha," aliniambia binti yangu, na kweli mnanaa wa dawa hiyo ni mkali kwa mtoto. Siku ya tatu alizoea. Ningependa watengenezaji waliandike agizo hilo kwa herufi kubwa kwenye bomba. Kwenye bomba letu limo katika mstari wa mwisho, kwa herufi ndogo ambazo mtu wa makamo hazisomi bila miwani.

Kwa mdogo wake, mwenye miaka 4, kipimo ni punje moja ya njegere, na mimi ndiye ninayeiweka kwenye mswaki na kumsimamia ateme. Mtoto wa chini ya miaka 3 hupakiwa kiasi cha punje ya mchele. Vipimo hivi vinafaa kuheshimiwa, maana mtoto anayemeza dawa nyingi mara kwa mara wakati meno ya ukubwani yanajijenga ndani ya ufizi anaweza kuota meno yenye mabaka. Matangazo yanayoonyesha mswaki uliofunikwa kwa dawa kutoka ncha hadi ncha yanawapotosha wazazi.

Saa ya kuitumia nayo ina uzito wake. Mswaki wa kabla ya kulala hauna mbadala, kwa sababu mate hupungua sana mtu anapolala, na sukari iliyoachwa kinywani saa nne usiku hubaki na bakteria mpaka asubuhi pasipo mlinzi. Wageni wetu walikuwa na mazoea ya kupiga mswaki kisha kurudi sebuleni kwa mazungumzo na kipande cha mwisho cha keki, na mara mbili nilikuwa mmoja wao. Kwa upande mwingine, haraka ya kupita kiasi ina madhara yake: baada ya soda au maji ya matunda yenye uchachu, ni vyema kusubiri angalau nusu saa ndipo mswaki uguse jino, kwa kuwa enameli iliyolainishwa na asidi hukwanguka kwa urahisi. Glasi ya maji hufaa katika muda huo wa kusubiri. Chingamu pia hufaa, na hiyo ndiyo iliyonishangaza kuliko vyote vinne.

Niliinunua nikiwa na shaka. Nililelewa kuamini kwamba kutafuna chingamu mbele za watu ni utovu wa adabu, na sikuwa tayari kuihesabu kuwa ni kinga. Lakini kutafuna huyaamsha mate yatoke kwa wingi kuliko kawaida, na mate mengi ndiyo yanayoipooza asidi. Zailitoli ni kitamu ambacho bakteria wa meno hawawezi kukigeuza kuwa asidi. Wafini ndio waliokifanyia kazi zaidi: katika mji wa Turku, mwanzoni mwa miaka ya 1970, kundi la watu waliotumia zailitoli badala ya sukari walipata matundu mapya machache mno, na mwaka 1975 chingamu ya zailitoli ikaanza kuuzwa Ufini. Haki inanitaka niseme pia kwamba sehemu kubwa ya faida ya chingamu hutokana na kule kutafuna na mate yake, na ushahidi kuhusu zailitoli yenyewe haulingani na ule wa floraidi. Anayepiga mswaki ovyo hataokolewa na chingamu.

Manunuzi yangu ya kwanza yaliniudhi. Pakiti ilikuwa na neno zailitoli kwa herufi kubwa za kijani, lakini viambato huorodheshwa kwa kuanzia kilicho kingi kwenda kilicho kidogo, na nilipoisoma orodha nikaikuta zailitoli katika nafasi ya tano, baada ya sorbitoli na vitamu vingine. Sorbitoli si sukari ya kutisha, kwa kuwa bakteria huichachusha polepole sana, ila nililipia kitu nikapewa chembe yake. Mbaya zaidi, kwa kuwa ilikuwa ya ladha ya limau, ilitiwa asidi ya sitriki. Mtu anatafuna apunguze uchachu, na bidhaa inamwongezea. Pakiti ya pili, ya mnanaa, ilikuwa na zailitoli katika nafasi ya kwanza na haikuwa na asidi hiyo. Hiyo ndiyo ninayoitathmini.

Tuliitafuna dakika 20 kila baada ya kula kitu kitamu. Ladha yake huisha mapema, baada ya dakika tano au sita, na punje hubaki kama kipande cha mpira mwepesi, jambo ambalo mume wangu hakulipenda. Hata hivyo kuna faida ambayo haikuandikwa kwenye pakiti yoyote: mtu mwenye chingamu mdomoni harudi kwenye bakuli. Kwa binti yangu ilikuwa kama kufunga mlango. Akishamaliza keki yake, akachukua chingamu, ule mlo ulikuwa umekwisha kweli, na daftari langu linaonyesha kwamba mara zake za kula vitu vitamu zilishuka kutoka saba siku ya kwanza hadi tatu kufikia mwisho wa wiki ya kwanza, ingawa kiasi cha keki alichokula hakikupungua sana. Hilo ndilo nililokuwa nikilitafuta.

Zipo tahadhari tatu. Zailitoli ikizidi huvuruga tumbo na kuleta kuhara, na mgeni mmoja aliyetafuna karibu nusu pakiti kwa alasiri moja alilithibitisha hilo. Mtoto mdogo asipewe, kwa kuwa anaweza kupaliwa, na wa kwetu wa miaka 4 alipewa maji badala yake. Jambo la tatu ni zito zaidi: zailitoli ni sumu kwa mbwa, hata kwa kiasi kidogo, kwa hiyo nyumba yenye mbwa isiache pakiti mahali anapofika.

Uzi wa kusafishia katikati ya meno ulinifundisha kwa tofi moja. Usiku wa siku ya nne nilikuwa nimepiga mswaki kikamilifu, nikapitisha ulimi, nikaridhika. Kisha nikakata uzi wenye urefu wa kama sentimita 45, nikauzungusha kwenye vidole vya kati, nikauteremsha polepole kati ya magego ya chini upande wa kushoto. Ulipanda ukiwa na uzi mwingine juu yake, wa rangi ya kahawia, unaonata na kunyumbuka, tofi niliyoila baada ya chakula cha mchana. Ilikuwa imekaa hapo kwa muda wa saa tisa. Mswaki ulikuwa umepita juu yake usiku huo bila mimi kujua, na hapo ndipo nilipolikumbuka tundu la binti yangu, lililokuwa mahali palepale ambapo mswaki haufiki.

Uzi wetu ulikuwa umepakwa nta, na ninaupendekeza kwa mtu ambaye meno yake yamebanana, kwa kuwa huteleza bila kuchanika. Usishushwe kwa kishindo ukaukata ufizi. Uzungushwe ukilikumbatia jino moja, upandishwe na kushushwa, kisha jino jirani. Ufizi wa mume wangu ulitoa damu siku tatu za mwanzo, naye akataka kuacha. Damu hiyo mara nyingi ni dalili ya ufizi uliovimba kwa utando, na ilikoma kabla ya wiki kuisha. Ushahidi wa kitaalamu kwamba uzi peke yake huzuia kuoza kwa meno si mzito, na kwa watoto kazi hii humwangukia mzazi, tena usiku ambapo kila mtu amechoka. Kwa mambo hayo mawili ninaupa nafasi ya tatu, lakini kwa wiki zenye tofi sitaukosa tena.

Maji ya kusukutulia sina mengi ya kuyaeleza. Yetu yalikuwa na floraidi 225 ppm, kiasi kidogo mno ukilinganisha na 1,450 ya dawa. Maana yake ni kwamba mtu anayeyatumia mara baada ya mswaki, kama tulivyofanya siku za mwanzo tukidhani tunaongeza kinga, anaiosha floraidi nyingi na kuweka kidogo mahali pake. Saa yake inayofaa ni nyingine kabisa, kwa mfano baada ya chakula cha mchana, na mtoto wa chini ya miaka 6 asipewe kwa kuwa ataimeza. Yale yenye klohexidini ni dawa ya ufizi ya kutumiwa kwa muda mfupi kwa maelekezo ya daktari, na hutia meno rangi ya kahawia yakizoewa. Kwa kaya isiyo na tatizo maalumu, fedha ya chupa hii ingenunua bomba la pili la dawa ya meno.

Ni lazima niseme kwamba hakuna kati ya vitu hivi kinachofuta tofauti kati ya vitamu vyenyewe. Chokoleti laini huyeyuka na kuondoka mapema. Tofi na matunda makavu hunata kwenye mashimo ya magego. Pipi ngumu ya kumung'unya ndiyo niliyoiogopa zaidi, kwa kuwa hukaa kinywani dakika nyingi ikidondosha sukari bila kusita. Asali, ambayo mama mkwe wangu huisifu kuwa haidhuru, bakteria huila kwa furaha ileile, na glasi ya maji ya matunda inayonywewa kwa mafundo madogo alasiri nzima ni kama pipi ndefu. Tulichofanya ni kuliweka bakuli mezani wakati wa milo na kuliondoa baada yake.

Wiki mbili hazitoshi kutoboa jino wala kuliponya, kwa hiyo sikutarajia muujiza. Miezi mitatu baadaye tulirudi kwa daktari. Alikausha magego ya binti yangu kwa hewa, akayatazama kwa kioo chake kidogo kwa muda, akaniambia madoa yale mawili sasa yanang'aa na yamekuwa magumu, maana yake madini yamerudi, na hakuna tundu jipya. Lile la zamani lilikuwa limeshazibwa, na kuzibwa kutabaki kuzibwa. Dawa ya floraidi, chingamu ya mnanaa na uzi wenye nta nimeshavinunua tena. Chupa ya maji ya kusukutulia bado ina nusu, na kikombe cha bafuni sijakirudisha.